RAM Inapita Kipimo Leo, Kesho Inatoa Makosa: Fuata Hatua Hizi

"Nimepima RAM mara tatu, imetoka safi. Mara ya nne imetoa makosa mawili. Nimerudia, safi tena. Sasa ni mbovu au ni nzima?" Swali hili kuhusu RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, haliishi kuulizwa, na pacha wake ni hili: "Nimenunua RAM mpya kabisa na makosa yako palepale." Nimeona afadhali hatua zote ziwekwe mahali pamoja, ili anayekutana na tatizo hili kwa mara ya kwanza asianze kwa kutoa pesa.

Kuhusu swali la kwanza: kosa moja ni kosa. Kompyuta iliyo sawa hupimwa usiku kucha na asubuhi unaikuta imeandika sifuri. Ikiandika moja, kuna kitu hakiko sawa, na vile vipimo vitatu vilivyotoka safi havifuti kile cha nne.

La pili ndilo linalowapoteza wengi. Kipimo cha RAM hakipimi vijiti peke yake. Kinapima safari nzima ya data: vijiti, sloti, njia za shaba ndani ya ubao mama, soketi, kidhibiti cha kumbukumbu kilichomo ndani ya prosesa, umeme unaolisha vyote hivyo, na mipangilio ya BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta). Chochote kati ya hivyo kikiyumba, skrini itakuandikia kosa lilelile. Kwa hiyo kazi yako ni kutenga kimoja baada ya kingine mpaka kibaki kimoja.

Kabla ya hapo, acha kuifanyia kazi ya maana mashine hiyo. Kila faili unalonakili, unalobana au unalohifadhi hupita ndani ya RAM, na biti moja ikigeuka njiani faili linaandikwa limeharibika bila onyo lolote. Kama unafanya bekapu sasa hivi, usiandike juu ya bekapu yako ya zamani. Weka mpya kando, kwa sababu hiyo mpya imepita kwenye RAM usiyoiamini.

Vitu vya kuandaa

- Flashi moja usiyoihitaji, maana kila kilichomo kitafutwa.
- Kompyuta nyingine ya kuitengenezea flashi hiyo. Ile mgonjwa ikiandika flashi vibaya utazidi kuchanganyikiwa.
- Programu ya kupimia. Kuna mbili zenye majina yanayokaribiana na watu huzichanganya: Memtest86+ ni ya bure na msimbo wake uko wazi, MemTest86 ni ya kampuni ya PassMark, na toleo lake la bure huishia mizunguko 4 kwa kila kipimo. Zote ni nzuri. Ukiwa nazo mbili ni bora zaidi.
- Kitabu cha maelekezo cha ubao mama wako, cha karatasi au PDF.
- Bisibisi, tochi, na spiriti ya isopropili ya asilimia 99 pamoja na kitambaa kisichoacha nyuzi.
- Daftari na kalamu. Sisemi kwa mapambo. Anayepima bila kuandika, siku ya tatu hakumbuki kijiti kipi kilikuwa sloti ipi.
- Ufunguo wa kurejesha wa BitLocker, kama unatumia Windows na diski yako imefungwa kwa BitLocker. Kubadilisha mipangilio ya BIOS kunaweza kuifanya Windows iudai inapowaka. Uandike kwanza, ndipo uguse BIOS.
- Siku kadhaa. Tatizo linalokuja na kuondoka haliwezi kutatuliwa kwa saa moja.

Hatua ya 1: Andika hali ilivyo

Ingia BIOS na upige picha kila ukurasa unaohusu RAM: kasi, volti, na kama XMP, EXPO au DOCP (mipangilio ya kuipandisha RAM kasi kupita kiwango cha msingi) imewashwa. Andika toleo la BIOS. Fungua kasha, angalia vijiti viko sloti zipi, kisha bandika kipande cha karatasi kwenye kila kijiti: A, B, na kuendelea. Vijiti vya seti moja hufanana kabisa, na ukishavichanganya huwezi tena kuvitofautisha.

Hatua ya 2: Tengeneza flashi na uwashie mashine

Pakua programu kutoka tovuti yake rasmi, iandike kwenye flashi, kisha chagua flashi hiyo wakati kompyuta inawaka. Hakikisha toleo ni jipya. Memtest86+ ilianza kukubali mashine za UEFI (aina mpya ya BIOS) kuanzia toleo la 6, lililotoka 2022. Lile la 5.01 linalozunguka mpaka leo halifai kwa ubao mama wa kisasa.

Kipimo kinachokuja na Windows kinaweza kukukamatia RAM iliyooza waziwazi, na kikitoa kosa kiamini. Kikisema hakuna tatizo, usikitegemee. Kwa makosa yanayojificha, hakitoshi.

Hatua ya 3: Jua kosa linatokea mara ngapi

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoamua kama hatua zote zinazofuata zina maana.

Acha mashine ipime bila kubadilisha kitu. Kosa likitokea, andika: saa ngapi tangu kuanza, mzunguko wa ngapi, jaribio namba ngapi, anwani ya kumbukumbu, na thamani iliyotarajiwa dhidi ya iliyosomwa. Endelea mpaka upate makosa matatu au manne, ili ujue wastani wa muda kati ya kosa na kosa.

Tuseme kosa huja kila baada ya saa 4 hivi. Ukibadilisha kitu, ukapima kwa saa 1, ukaona safi, hujajua lolote: hata bila kubadilisha kitu ungeweza kuona saa 1 safi, tena mara nyingi. Kanuni ninayotumia ni kupima mara tatu ya muda ule wa wastani. Kwa mfano wetu ni saa 12. Makosa yakiwa yanakuja kwa kubahatisha, uwezekano wa kupita saa 12 bila kuona hata moja wakati tatizo bado lipo ni kama asilimia 5 tu. Hapo unaweza kusema mabadiliko yamesaidia. Chini ya hapo unajipa moyo tu.

Sasa angalia sura ya makosa yenyewe:

Anwani ileile, au zinazokaribiana sana, na biti ileile kila mara: mara nyingi ni seli iliyokufa ndani ya kijiti. Hii ndiyo hali rahisi kuliko zote.

Anwani zimetawanyika huku na huko, biti tofauti, majaribio tofauti: hii inanuka mipangilio, volti, joto au kidhibiti. Kijiti kinaweza kuwa kizima kabisa.

Makosa huja baada ya dakika 40 au zaidi, kamwe si mwanzoni: fikiria joto.

Mashine ikiwashwa leo inapima saa 10 bila kosa, ikizimwa na kuwashwa tena inatoa makosa ndani ya dakika tano: hapa pana siri inayostahili kuelezwa. Kila inapowaka, kompyuta husawazisha ishara kati ya kidhibiti na vijiti, inatafuta muda sahihi wa kusoma na kuandika kwa vipande vidogo sana vya sekunde. Kama mipangilio yako iko ukingoni, siku moja itaangukia upande mzuri na siku nyingine upande mbaya. Ndiyo maana mtu anaapa kwamba RAM yake "imejiponya". Haijajiponya. Imewaka vizuri siku hiyo.

Onyo: usijaribu kukisia kijiti kibovu kutokana na anwani peke yake. Vijiti viwili vikifanya kazi kwa pamoja, anwani hugawanywa kwa zamu kati ya chaneli zote mbili (njia za data kati ya prosesa na RAM), kwa hiyo nusu ya chini ya anwani siyo kijiti cha kwanza.

Hatua ya 4: Rudisha BIOS kwenye mipangilio yake ya msingi

Chagua mipangilio ya msingi, hifadhi, washa upya. Hakikisha XMP au EXPO imezimika. Kama ulikuwa umeongeza kasi ya prosesa au umepunguza volti zake, hayo nayo yarudi yalivyokuwa.

Hapa ndipo kesi nyingi huishia, na watu hawaamini. "Lakini kijiti kimeandikwa 3600!" Ni kweli kimeandikwa. Lakini viwango vya JEDEC, shirika linaloweka viwango vya kumbukumbu, kwa DDR4 (kizazi cha RAM kabla ya DDR5) huishia 3200 MT/s (uhamishaji milioni kwa sekunde) kwa volti 1.2, namba ya 3600 kwenye lebo ni kasi ya XMP, mara nyingi kwa volti 1.35. Aliyetengeneza kijiti anakuahidi kwamba kijiti kinaweza. Hakuahidi kwamba prosesa yako na ubao mama wako vinaweza, na watengenezaji wa prosesa wenyewe huhesabu XMP na EXPO kuwa ni kuongeza kasi kupita kiwango. Kwa DDR5, vijiti vya kwanza madukani vilianzia 4800 kwa volti 1.1.

Pima tena kwa muda ule uliopata hatua ya 3.

Kama sasa ni safi, vijiti vyako vina nafasi kubwa ya kuwa vizima. Ruka mpaka hatua ya 8. Kama makosa bado yapo kwenye kasi ya msingi, endelea hapa chini. Sasa unatafuta kitu kilichoharibika kweli au kisichokaa sawa.

Hatua ya 5: Toa vijiti, safisha, rudisha

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika chochote ndani, na uwe unarudia kukigusa kila baada ya muda.

Toa vijiti kwa kushika kingo zake. Futa meno ya dhahabu kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha yakauke. Wengine husugua kwa raba ya penseli. Mimi siipendi njia hiyo, kwa sababu tabaka la dhahabu ni jembamba sana na mabaki ya raba huingia ndani ya sloti. Mulika sloti kwa tochi, uone kama kuna vumbi au unyuzi.

Rudisha vijiti. Angalia pengo la chini lilingane na la sloti, kisha sukuma ncha zote mbili sawasawa mpaka usikie mlio. Kijiti kilichoingia nusu kinaweza kuwaka, kikaonekana, kikafanya kazi, halafu kikatoa makosa saa moja baadaye kinapopata moto na kutanuka. Nimeona hivyo zaidi ya mara moja.

Kama una vijiti viwili kwenye ubao wa sloti nne, kwa mbao nyingi viende sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwa prosesa. Ndizo huitwa A2 na B2. Thibitisha kwenye kitabu cha maelekezo. Kuviweka A1 na B1 ni moja ya sababu za makosa ambazo hazihitaji hata senti kurekebisha.

Pima. Na uandike daftarini kwamba umetoa na kurudisha vijiti, maana hayo ni mabadiliko pia. Usije ukasafisha meno, ukabadilisha sloti na kusasisha BIOS jioni moja, kisha usijue kipi kilichoponya.

Hatua ya 6: Kijiti kimoja, sloti moja

Hii ndiyo hatua ndefu. Fanya kwa mpangilio huu, bado kwenye kasi ya msingi:

1. Kijiti A peke yake, sloti A2. Pima muda wote.
2. Kijiti B peke yake, sloti ileile A2. Pima muda wote.
3. Chukua kilichopita, kihamishie sloti B2. Pima muda wote.

Usibadilishe kijiti na sloti kwa wakati mmoja. Hilo ndilo kosa linalowarudisha wengi mwanzo: wanapima A kwenye sloti moja, B kwenye nyingine, B inatoa makosa, wananunua kijiti kipya, na kumbe sloti ndiyo mbovu.

Matokeo yanasomwa hivi. A ikipita na B ikatoa makosa ndani ya sloti ileile, rudia kila kimoja mara moja zaidi. Matokeo yakirudi vilevile, B ni mbovu na umemaliza. Kijiti kizima kikitoa makosa sloti B2 pekee, shida iko kwenye chaneli hiyo: sloti, soketi, ubao mama au kidhibiti, nenda hatua ya 7. Vyote viwili vikitoa makosa kila mahali, mashaka yaondoke kwa vijiti. Vijiti viwili kufa pamoja hutokea, lakini ubao, prosesa au umeme ndivyo vya kutazamwa kwanza.

Tokeo la nne ndilo linaloumiza vichwa: kila kijiti kinapita peke yake, vikiwa pamoja vinatoa makosa. Hapo hakuna kijiti kibovu. Kidhibiti kimebebeshwa mzigo kisichouweza. Hutokea sana mtu anapochanganya seti mbili, hata kama ni za jina moja na namba moja ya mfano, kwa sababu mtengenezaji anaweza kubadilisha chipu za ndani bila kubadilisha jina la nje. Hutokea pia kwa vijiti vinne. Chukua prosesa za Ryzen 7000: kasi rasmi ya AMD kwa vijiti viwili vya DDR5 ni 5200, lakini kwa vijiti vinne inashuka hadi 3600. Mtu aliyeweka vinne akawasha EXPO ya 6000 anadai zaidi ya mara moja na nusu ya kile alichoahidiwa. Ushauri wangu ni uleule siku zote: ukitaka ukubwa zaidi, nunua seti moja ya vijiti viwili vikubwa, usiongeze seti juu ya seti.

Hatua ya 7: Soketi, kipoza joto na umeme

Kidhibiti cha kumbukumbu kimo ndani ya prosesa, kwa hiyo njia za RAM hupita kwenye pini za soketi. Pini moja iliyopinda au prosesa iliyokandamizwa upande mmoja inaweza kuisumbua chaneli nzima.

Niliwahi kuhangaika siku nne na mashine iliyotoa makosa upande wa B tu, vijiti vyovyote nilivyoweka. Skrubu mbili za kipoza joto zilikuwa zimekazwa kwa nguvu na mbili zikiwa zimelegea. Nilizilegeza zote, nikazikaza kidogokidogo kwa kupishana pembe, na makosa hayakurudi tena. Tangu hapo hulitazama jambo hili kabla ya kuulaumu ubao mama.

Kama kulegeza na kukaza upya hakusaidii, toa prosesa na umulike soketi kutoka pembe mbalimbali. Pini zote zinapaswa kung'aa kwa mpangilio mmoja. Iliyopinda itaonekana kama doa. Usiiguse kwa kidole. Kama hujawahi kunyoosha pini, mpe mwenye mkono mtulivu na miwani ya kukuzia. Ukirudisha, safisha na uweke pesti mpya ya joto.

Upande wa umeme, angalia BIOS sehemu ya vipimo vya maunzi. Laini ya volti 12 inaruhusiwa kuyumba kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6. Namba za BIOS si sahihi kabisa, ila ikikaa nje ya hapo, azima pawa saplai nyingine upime nayo. Kwa DDR5, chipu inayosimamia umeme imo ndani ya kijiti chenyewe, kwa hiyo kijiti chenye umeme mbovu kitahama na ugonjwa wake popote utakapokipeleka.

Hatua ya 8: Sasisha BIOS, kisha panda taratibu

Sasisha BIOS ukiwa kwenye mipangilio ya msingi na kijiti kimoja ulichokithibitisha. Kuandika BIOS kupitia RAM inayotoa makosa ni kuhatarisha ubao mzima. Kama ubao wako una kitufe cha kuandika BIOS moja kwa moja kutoka flashi, tumia hicho. Masasisho haya si urembo. Kwa mashine za DDR5 hasa, mengi hurekebisha namna ubao unavyosawazisha RAM.

Rudisha vijiti vyote, pima kwenye kasi ya msingi. Ikiwa safi, washa XMP au EXPO na upime. Makosa yakirudi, shusha kasi hatua moja: 3600 iwe 3400 au 3200, 6000 iwe 5800 au 5600. Acha volti na nambari nyingine kama zilivyo. Wengi hukimbilia kuongeza volti, na hapo ndipo hasara hutokea. Kwa Ryzen 7000, volti ya SoC (sehemu ya prosesa yenye kidhibiti cha kumbukumbu) isizidi 1.3; mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa kuungua, ndicho kikomo kilichowekwa kwenye BIOS mpya. Tofauti ya kasi kati ya 3600 na 3200 hutaihisi katika kazi za kawaida. Faili lililoharibika utalihisi.

Kwenye mbao za AM5 (soketi ya Ryzen 7000) kuna mpangilio uitwao Memory Context Restore. Ukiwa umewashwa, kompyuta hutumia usawazishaji wa zamani ili iwake haraka. Kama makosa yako huja siku fulani na kutoweka siku nyingine, uzime upime. Kuwaka kutachukua muda zaidi, na hilo si tatizo.

Ukipata kasi inayopita, zima mashine kabisa, iache ipoe, iwashe na upime tena. Fanya hivyo angalau mara tatu. Ile hali ya kuwaka vizuri leo na vibaya kesho haikamatwi kwa njia nyingine.

Hatua ya 9: Thibitisha ndani ya mfumo endeshi

Memtest haiamshi kadi ya michoro, kwa hiyo ndani ya kasha huwa poa kuliko unapocheza gemu. Kadi ikipata moto, hewa yake hupanda moja kwa moja kwenye vijiti. Ndiyo sababu mashine inaweza kupita usiku mzima na ikaganda baada ya nusu saa ya gemu.

Kwenye Windows tumia TestMem5, OCCT, au Prime95 kwa mtindo wa Blend. Kwenye Linux, stressapptest. Endesha mojawapo huku kadi ya michoro nayo ikifanya kazi. Makosa yakitokea hapa tu, elekeza feni moja kwenye vijiti urudie. Yakitoweka, jibu lako ni joto: panga feni upya, au shusha volti ya RAM na kasi yake pamoja.

Ukikwama

*Skrini nyeusi baada ya kubadilisha mpangilio wa RAM.* Subiri. DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa kusawazisha mara ya kwanza, na ukizima katikati itaanza upya. Ipe robo saa. Isipowaka, zima, chomoa umeme, kisha futa CMOS (kumbukumbu ndogo ya mipangilio ya BIOS) kwa jampa iliyoonyeshwa kwenye kitabu au kwa kutoa betri ya CR2032 kwa dakika chache.

*Flashi haitaki kuwaka.* Jaribu tundu jingine la USB, kisha zima Secure Boot, ulinzi wa BIOS unaozuia programu zisizotambulika kuwaka. Kumbuka ule ufunguo wa BitLocker.

*Kipimo kinaganda bila kutoa kosa.* Kiendeshe kwa kiini kimoja cha prosesa badala ya vyote, au jaribu ile programu nyingine. Ikiganda kwenye zote mbili, tazama joto la prosesa na pawa saplai.

*Makosa maelfu mfululizo mahali pamoja, kisha kimya.* Linganisha na programu ya pili. Ikiwa moja pekee ndiyo inayoona, huenda inagusa eneo ambalo ubao umelihifadhi.

*MemTest86 inatoa makosa kwenye jaribio la 13 tu.* Hilo hupiga safu moja ya kumbukumbu mara nyingi mno kuona kama safu jirani zitavuja, udhaifu uliotangazwa na watafiti mwaka 2014. Ni kosa la kweli, ingawa matumizi ya kawaida ni nadra kulifikia. Kama kijiti bado kina dhamana, kirudishe.

*Kosa moja tu kwa siku mbili, halijarudi.* Watu husingizia miale ya angani. Hutokea, lakini usianzie huko: utafiti wa seva za Google uliochapishwa 2009 ulikuta zaidi ya asilimia 8 ya vijiti vikipata angalau kosa moja lililorekebishwa kwa mwaka, na ushahidi wake ulielekea kwenye ubovu wa maunzi. Pima siku nyingine mbili ukiwa umewasha kutoka hali ya baridi.

*DDR5 si inajirekebisha yenyewe?* Inarekebisha kosa la biti moja ndani ya chipu tu. Data ikiharibika njiani kati ya kijiti na prosesa, urekebishaji huo hauioni.

*Kijiti ni kibovu na kina dhamana.* Kama kilinunuliwa kama seti, rudisha seti nzima, usikubali kijiti kimoja cha kuunganisha na cha zamani. Ambatanisha picha ya skrini ya makosa.

*Siwezi kukibadilisha sasa hivi.* Toa kijiti kibovu utumie kilichobaki. Kama una kimoja tu na makosa yako anwani ileile kila mara, unaweza kuuamuru mfumo uiruke: kwenye Windows kwa orodha ya badmemorylist ya bcdedit, kwenye Linux kwa GRUB_BADRAM. Ni kiraka cha muda. Kwa makosa yaliyotawanyika hakifai kabisa.

Makosa yakishaisha kweli, bado una usafi wa kufanya, kwa sababu yaliyoandikwa vibaya kipindi cha ugonjwa bado yako kwenye diski. Kwenye Windows endesha chkdsk, kisha sfc /scannow. Fungua upya faili kubwa ulizobana au kunakili tangu makosa yaanze, zile za zip uzipime kwa amri ya kujaribu uzima wake, na ulinganishe nyaraka muhimu na ile bekapu ya zamani uliyoacha kando. Mfumo endeshi wenyewe, kama uliusakinisha wakati RAM ikiwa mbovu, usakinishe upya.